Waliozaliwa Tarehe Thelathini Februari

Bwana Nakala alivaa saa mbili, moja kila mkono, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini, maana jibu lilikuwa refu. Aliitazama ya kushoto tu. Ya kulia ilikuwa ya akiba, siku ya kushoto ikifa. Alikuwa na miavuli miwili kwa hesabu hiyohiyo, na ufunguo wa mlango wake ulikuwa na ndugu zake watano: mmoja kwa mkewe, mmoja kwa shemeji, mmoja ofisini, mmoja ndani ya kiatu kikuukuu, na wa tano aliuficha mahali salama mno hata yeye mwenyewe hakupakumbuka tena. Mkewe alipojifungua mapacha, watu wa kazini walisema Mungu naye amemwelewa yule bwana, kampa mtoto pamoja na akiba yake. Mke alicheka sana. Kisha akamkumbusha kwa upole kwamba mke, tofauti na mwavuli, ni mmoja tu.

Kazi yake ilikuwa kutunza kanzidata ya hospitali ya macho. Alikaa kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka, na rafu zake bado zilinuka sabuni. Hapo pembeni lilivuma sanduku jeusi, usiku na mchana, kama nyuki walionyimwa ua. Ndani ya sanduku hilo walikaa wagonjwa elfu thelathini na moja wa miaka mingi: jina, tarehe ya kuzaliwa, jicho linaloumwa, daktari, siku ya kurudi. Kila jedwali lilishikana na jenzake, hata ukimgusa mgonjwa mmoja unasikia daktari wake, miwani yake na dawa zake zote zikiitika. Wafanyakazi waliiita databesi. Mama yake mzazi aliamini kwamba mwanawe ameajiriwa kulinda sanduku lisiibwe, na ukifikiri vizuri, hakukosea sana.

Mama huyo aliishi nao, naye alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Ukungu ulimwingia polepole, kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni, hadi siku moja akawa mwenye nyumba. Sasa aliwatambua watu kwa nyayo zao. Asubuhi moja alilisalimia koti lililotundikwa nyuma ya mlango, akalingoja, kisha akalilaumu kwa kiburi. Mapacha walicheka mpaka wakaanguka. Bwana Nakala hakucheka. Alilitoa koti pale mlangoni na hakulirudisha tena.

Miezi kumi na moja walikuwa wakingoja zamu, na hatimaye zamu ilifika. Daktari bingwa wa upasuaji angekuja Jumatatu kwa siku tatu, na mashine yake ya kupimia jicho. Baada ya hapo asingeonekana tena mpaka mwaka unaofuata. Wagonjwa arobaini walichaguliwa, na mama alikuwa wa kumi na tisa. Tatizo lilikuwa moja. Ile mashine ilizungumza na kanzidata ya toleo la nane peke yake, na hospitali ilikuwa bado inatumia la tano, toleo lililozeeka hata waliolitengeneza hawakutaka kusikia habari zake. Kwa hiyo data yote ilibidi ihamishwe, na orodha ya wale arobaini itoke kwenye toleo jipya, imfikie Matroni wa chumba cha upasuaji mkononi kabla ya saa sita mchana Jumapili. Asiyekuwemo kwenye orodha hapasuliwi.

Bwana Nakala hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amefanya mazoezi mara tatu kwenye nakala, na mara zote tatu data ilihama kama maji ya mtungi yanavyohamia sufuriani, bila tone kupotea. Alimwambia mkurugenzi hivyo. Alimwambia Matroni hivyo. Alimwambia na mama, ambaye alisema ni vizuri, ila maji ya mtungi huwa na tope chini.

Jumamosi saa mbili asubuhi, kliniki ikiwa imefungwa, aliimwaga data yote ya toleo la zamani kwenye faili moja refu. Faili hilo akalitolea nakala tatu: moja mfukoni mwake, moja kwenye mkoba wa mkewe, na moja kwenye kabati la Matroni, katikati ya bandeji. Kisha akaanza kulipakia kwenye toleo jipya.

Toleo la zamani lilikuwa na tabia ya bawabu mwenye usingizi: lolote ulilobeba, pita. Toleo jipya lilifungua kila kifurushi mlangoni. Bwana Nakala alijua hilo, amelisoma, na amelipigia mstari mara mbili. Kwa hiyo aliiagiza programu kwamba ikikuta mstari usiofaa iuweke kando, iendelee, kisha mwisho itoe hesabu. Kwenye mazoezi hesabu hiyo ilikuwa sifuri.

Matroni aliingia saa nne kuchukua funguo zake, akaona namba zinakimbia kwenye skrini, akakaa. Alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ndogo, na hiyo sauti ndogo ndiyo watu waliyoiogopa. Alikuwa na sheria moja. Zamani walikuja wanawake wawili wenye jina moja, mmoja wa jicho la kulia, mwingine la kushoto, na kidogo tu wapasuliwe kwa kubadilishana. Tangu siku hiyo hakuna aliyevuka mlango wa chumba cha upasuaji kabla ya kutaja kwa mdomo wake jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Mdomo na karatasi vikitofautiana, mtu anarudi nyumbani.

Namba zilisimama. Programu ilitoa hesabu: iliyokataliwa, mistari mia nne na kumi na miwili.

Bwana Nakala aliitazama saa ya kushoto, kana kwamba kosa lilikuwa la saa. Akafungua orodha ya waliokataliwa. Mgonjwa wa kwanza, amezaliwa tarehe thelathini Februari. Wa pili, thelathini Februari. Wa tatu vilevile. Aliteremka taratibu, kisha mbiombio. Miaka ilitofautiana na vijiji vilitofautiana, lakini wote mia nne na kumi na wawili walikuwa wamekuja duniani siku ambayo haijawahi kutokea. Wa mia mbili na sita alikuwa mama yake.

Hapo ndipo alipokumbuka. Alipoandaa nakala ya mazoezi, aliona si adabu kuacha siri za watu zikizagaa. Basi majina yote aliyageuza kuwa Mgonjwa wa Kwanza, wa Pili, mpaka wa mwisho, na tarehe zote za kuzaliwa akaweka moja, siku ya kuzaliwa mapacha wake. Alicheka peke yake siku ile, watu elfu thelathini na moja kuzaliwa asubuhi moja. Halafu akafanya mazoezi mara tatu ya kuwahamisha watu ambao hawakuwa na tatizo kwa sababu yeye mwenyewe alikwishawaondolea tatizo lao.

Matroni alimsikiliza akieleza hayo mpaka mwisho. Akauliza kati ya wale arobaini ni wangapi wamo humo. Kumi na saba, akajibiwa.

Walimpigia mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mahali penye kelele za sherehe, na alisema jambo ni dogo, wote waandikwe tarehe mosi Januari, yaishe. Akakata simu. Matroni alichukua orodha, akapiga namba ya mgonjwa wa kwanza kati ya wale kumi na saba, seremala mstaafu, akaweka simu mezani ili wote wasikie.

"Mzee, samahani, tunahakiki tu. Ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Thelathini Februari," alisema seremala, bila kufikiri. "Na naipenda. Wajukuu wanaitafuta kila mwaka wanipikie keki, hawajaipata."

Wakapiga wa pili na wa tatu. Jibu moja. Kwa miaka yote walikuwa wameulizwa tarehe hiyo dirishani, maabara, kwenye miwani, na wameisema hadi imekuwa yao kama jina. Jumatatu wangefika mlangoni na kuitaja kwa sauti, huku karatasi ikisema mosi Januari.

"Na ile sheria?" aliuliza Bwana Nakala.

"Iko palepale. Mdomo na karatasi. Hata angekuwa mama yangu."

"Ni mama yangu."

Matroni alikunja orodha taratibu. "Basi mfundishe," alisema.

Alikwenda nyumbani mchana, akamkuta mama anakula. Alijaribu kulileta jambo kwa mbali, kama mtu anayemkaribia kuku. Akasema duniani tarehe ni namba tu. Akasema mosi Januari ni siku nzuri, haisahauliki, dunia nzima inaisherehekea. Mkewe, aliyekuwa akimwaga mchuzi, alisimama na upawa hewani kuona haya yanakwenda wapi.

"Nani kakwambia nilizaliwa Januari?" aliuliza mama. "Ulikuwepo?"

Ilibidi akiri kwamba hakuwepo.

"Mimi nilikuwepo, na sijui. Wewe umejulia wapi?"

Akamweleza kuhusu toleo la tano na la nane, na kwamba Februari haifiki thelathini. Mama akasema hilo analijua, hakuzaliwa jana. Karani wa dirishani alimuuliza tarehe, naye akasema ajuavyo, kwamba ulikuwa mwaka wa mvua ya mawe iliyotoboa bati la shule, basi. Karani akafikiri kidogo, akasema: haya mama, nakupa siku ambayo haina mwenyewe. Tangu hapo ni yake. Hajawahi kupewa kitu kipya kabisa na ofisi yoyote, na hicho kimoja hakirudishi.

"Baba Mapacha," alisema mke, "ile kadi ya mama si unayo nakala yake?"

Alikuwa nazo nne, kwenye jalada la kijani. Alizitoa, akazipanga mezani. Zote nne, kwa herufi kubwa: 30 FEBRUARI. Alikuwa ametoa nakala mara nne bila kuisoma mara moja. Mkewe akarudi kwenye mchuzi wake.

Jumapili saa mbili asubuhi alibisha hodi kwa karani, ambaye alistaafu zamani na kuishi nyuma ya shule ya msingi. Bi Karani alikuwa anaanika nguo. Alipokea shikamoo na vibanio vitatu mdomoni, akasikiliza habari nzima huku akipanga mashati kwa mikono, na ilipofika kwenye mia nne na kumi na wawili alicheka mpaka vibanio vikadondoka kimoja kimoja.

"Mmechukua muda," alisema. "Mimi nilidhani mtaniuliza wiki ile ile."

Alieleza kwamba siku hizo za mwanzo, mtu asiyejua tarehe yake alimtesa. Programu haikukubali kuendelea bila tarehe. Kwanza aliwapa wote tarehe yake yeye, mpaka siku moja akajikuta ana mapacha arobaini, wengine wamempita umri kwa miaka thelathini. Akajaribu mosi Januari, lakini wapo watu waliozaliwa kweli siku hiyo, na haki yao ikapotea ndani ya kundi. Mwisho akajiambia, kama ni lazima kuandika uongo, basi uwe uongo unaojitangaza, ambao mtu yeyote mwenye akili akiuona atajua kwamba hapa hapajulikani. Akajaribu thelathini Februari. Mashine ikapokea bila kupepesa.

"Kwa nini hukuacha wazi tu, mama?"

"Ilikataa, mwanangu. Kila uongo niliouandika iliumeza. Kimya ndicho haikukitaka." Akaokota kibanio. "Hiyo mpya yenu je, inakubali kimya?"

Bwana Nakala alisimama na soksi ya mtu mkononi, hajui ameishika lini. Akairudisha kwenye beseni, akaaga vibaya, akaondoka akikimbia kidogo, jambo ambalo umri wake ulikuwa umemkataza.

Alipofika ofisini alikuta inakubali, ila kwa kuondoa amri moja. Aliyeitengeneza kanzidata mwanzoni ndiye aliyeiamuru ile safu ya tarehe isikae tupu, na amri hiyo ilihama nayo kama kunguni kwenye godoro. Palikuwa pia na njia ya kulifumba macho toleo jipya likubali upuuzi kama la zamani, lakini ile mashine ya kupimia ingeikataa tarehe hiyo vilevile. Nafasi tupu, kinyume chake, mashine iliielewa: ikiikuta, humwomba daktari akadirie umri. Aliiondoa amri. Akaongeza safu mbili mpya pembeni, moja ya mwaka wa makadirio, ambao alikuwa nao, na nyingine aliyokaa akiitafutia jina kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote asubuhi ile. Mwisho aliiita Husema Mwenyewe. Safari hii hakufanya mazoezi kwa Mgonjwa wa Kwanza. Aliwachukua wale mia nne na kumi na wawili halisi, majina yao na vijiji vyao, akawajaribu kwenye nakala, kisha akawapitisha mlangoni wenyewe.

Iliyokataliwa: sifuri.

Alichapisha orodha. Wa kumi na tisa: jina la mama, macho yote mawili, la kulia kwanza. Tarehe ya kuzaliwa: haijulikani. Husema mwenyewe: thelathini Februari. Akashuka ngazi, akamkabidhi Matroni saa yake ikisema zimebaki dakika tano.

"Umechelewa kidogo," alisema Matroni.

Bwana Nakala alionyesha saa ya kushoto. Matroni aliitazama, akatazama ya ukutani, akaamua kwamba leo si siku ya kugombana na mtu huyu. Akasoma orodha, kidole kikienda chini ya kila mstari. Kwenye wa kumi na tisa kikasimama.

"Mdomo na karatasi vikikubaliana," alisema, "mimi sina ugomvi."

Jumatatu walikaa kwenye benchi la korido wale kumi na saba na wenzao, wamevalishwa kofia za plastiki kama mikate iliyofunikwa. Seremala aliitwa, akataja siku yake kwa sauti ya mtu anayetaja cheo, akaingia. Wakaitwa wengine. Bwana Nakala alisimama karibu na ukuta na nakala mbili za orodha, moja kila mfuko.

Akaitwa mama.

Alifika mlangoni ameshika mkono wa mkwewe. Matroni akamuuliza jina, akalitaja. Akamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Mama akanyanyua kidevu, akasema wazi, neno kwa neno:

"Tarehe mosi Januari."

Tangu Jumapili mchana Bwana Nakala alikuwa amewaambia habari njema mkurugenzi, mkewe, Bi Karani kwa simu, hata jirani. Mtu mmoja tu hakukumbuka kumwambia. Na mama huyu, aliyekataa katakata Jumamosi, alikuwa ameona jinsi mwanawe hakumaliza chakula chake, akaamua kwamba siku haina thamani ya kumnyima mtoto usingizi, na Jumapili yote amejifungia chumbani akiikariri ile ya watu.

Mdomo na karatasi. Matroni alitazama karatasi, akamtazama Bwana Nakala. Akamgeukia mama tena, na ile sauti ndogo ikawa ndogo zaidi.

"Mama, hiyo ni tarehe ya nani?"

"Ya huyu," alisema mama, akinyoosha kidole kwenye nguzo, si kwa mwanawe, lakini wote walielewa. "Kanilazimisha."

"Ya kwako mwenyewe ni ipi?"

Mama alisita. "Nikiisema hatapata matatizo?"

"Hatapata."

"Thelathini Februari," alisema mama, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyeruhusiwa kuvua viatu vinavyombana. Matroni akaweka alama kwenye karatasi, akamfungulia mlango.

Jumanne saa tatu asubuhi bandeji ilitolewa. Mama alikaa kwenye kiti cha chuma, jicho jipya linatokwa machozi, akaligeuza kwanza dirishani, kisha kwenye sakafu, ambayo aliisifu kwa usafi, kisha kwa mkwewe, akamwambia amenenepa na inampendeza. Mwisho akamvuta mwanawe karibu kwa mikono yote miwili. Bwana Nakala alijiandaa kwa maneno makubwa. Alikuwa amebeba leso mbili.

Mama hakumtazama usoni. Alikuwa ameshika vifundo vyake vya mikono, anatazama cha kushoto, kisha cha kulia, kisha cha kushoto tena.

"Mwanangu," alisema, "saa zako hazilingani."

Bwana Nakala akatazama. Ya kushoto ilisema saa tatu na dakika kumi. Ya kulia ilisema saa tatu na robo, na ya ukutani, juu ya kichwa cha mama, ilikubaliana na ya kulia.

"Toka lini?" aliuliza mkewe.

Hakujua. Alikuwa hajawahi kuzilinganisha.